Somo: Kesi yako ianzie mahakama gani?

Hapa Kenya, kesi ikipelekwa mahakama isiyo na mamlaka nayo hutupiliwa mbali, hata kama haki ni yako. Basi kabla ya kulipa ada yoyote, pitia haya.

Kwanza, tazama jambo lenyewe. Mzozo wa kiwanja kwa kawaida ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Umefutwa kazi? Kuna Mahakama ya Ajira. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu ni kwa Kadhi. Haki za kikatiba zikivunjwa, Mahakama Kuu.

Pili, hesabu pesa. Deni lisilozidi shilingi milioni 1 lipeleke Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ya 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Kwa mfanyabiashara mdogo, mimi sioni mlango bora kuliko huu.

Tatu, jua ngazi zilizo juu. Tazameni kesi ya Owino Uhuru, mtaa wa hapa hapa kwetu Mombasa. Wakazi walidhuriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Upeo, iliyo ya juu kabisa, ikairudisha. Miongoni mwa walioamriwa kulipa zimo taasisi za serikali yenyewe, na hiyo ndiyo maana ya Ibara ya 160 ya Katiba: jaji hapokei amri ya mtu.

MASWALI

*Mwalimu, hoteli imechukua samaki wangu wa elfu 85, hailipi. Nina jumbe za WhatsApp tu.*
Zinatosha kuanzia, dada. Mahakama ya Madai Madogo haibanwi na kanuni zote za ushahidi. Zichapishe zikionyesha tarehe, na utafute jina la kampuni lililosajiliwa. Lile la kwenye bango huenda si lenyewe.

*Marehemu baba alikuwa Mwislamu, lakini kaka yetu amebadili dini. Kadhi atatugawia?*
Pole kwa msiba. Ibara ya 170 inataka pande zote ziwe Waislamu na zikubali kwenda kwa Kadhi. Kaka yenu akiwa upande wa kesi, nendeni kwa hakimu au Mahakama Kuu, kutegemea thamani ya mali.

*Nikishindwa kwenye madai madogo, naweza kufika Mahakama ya Upeo?*
Hapana, ami. Rufaa yake huenda Mahakama Kuu, kwa hoja za sheria pekee, na huishia hapo.