Namna ya kufikisha kero ya taka, mafuriko na usalama wa barabara kwenye kamati ya madiwani

Katika halmashauri za miji nchini Tanzania, kero za taka, mafuriko na usalama wa barabara huishia kwenye meza moja, nayo ni Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati za mitaa, madiwani wanaoanza kazi, na wakazi waliokwisha kulalamika mara nyingi bila kujibiwa. Mifano mingi inatoka Dar es Salaam, mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu ndani yake watu 5,383,728, lakini utaratibu ni ule ule Mwanza, Tanga, Mbeya au Dodoma.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba kero hizi tatu, mara nyingi, ni kero moja. Taka ambayo haikuzolewa mwanzoni mwa wiki huwa imeshaingia mtaroni kabla wiki haijaisha. Mvua ikinyesha, kalavati huziba, maji hupanda barabarani, yakala kingo za lami na kufunika mashimo. Asubuhi yake mtoto wa shule, ambaye njia yake ya pembeni imegeuka dimbwi, hutembea katikati ya barabara pamoja na bodaboda, bajaji na daladala. Mkiandika barua tatu, zitakwenda ofisi tatu, na kila ofisi itaeleza kwa nini chanzo kiko kwa mwenzake. Mkiandika hoja moja inayoonyesha mnyororo huo katika eneo moja linalotajika, kamati inalazimika kuwaita wahusika wote katika kikao kimoja.

Uwezo wa kamati unaanzia wapi na unaishia wapi

Halmashauri za miji zinaendeshwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, ambayo ndiyo msingi wa kamati za kudumu za Baraza la Madiwani. Wajumbe wa kamati ni madiwani, wa kata na wa viti maalumu, huku wataalamu wa halmashauri wakihudhuria ili kutoa taarifa na kujibu maswali. Kamati hupokea taarifa, huhoji, hukagua na kupendekeza. Haiajiri mzoa taka, haisaini mkataba, wala haitumi greda. Utekelezaji uko mikononi mwa mkurugenzi na watumishi wake, fedha hupitia Kamati ya Fedha na Uongozi, na uamuzi wa mwisho ni wa Baraza kamili. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona wakazi wakimchukia diwani wao kwa kutofanya kazi ambayo sheria haijampa, na wakati huo huo wakimsamehe kwa kutofanya ile aliyopewa, yaani kuhoji na kufuatilia.

Jueni kwanza mwenye mali

Hapa ndipo hoja nyingi hufia, kwa hiyo tumieni muda wa kutosha. Ukusanyaji na utupaji wa taka ngumu ni wajibu wa halmashauri yenyewe chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mkandarasi mnayemwona mtaani anafanya kazi kwa niaba yake. Barabara ni suala jingine. Tangu 2017 barabara za mitaa na za wilaya, pamoja na mifereji yake ya pembeni, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambayo haiwajibiki kwa Baraza la Madiwani bali kwa TAMISEMI, ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Katika Dar es Salaam mfumo wa maji taka ni wa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, mito inasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, inasimamia ile sheria ya 2004, ambayo inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwendo wa magari ni kazi ya Kikosi cha Usalama Barabarani cha polisi.

Mtaani kwetu tuliwahi kuandika barua kuhusu kalavati lililoziba, tukaipeleka katika ofisi tuliyodhani ndiyo yenye barabara ile. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikakaa. Tulipouliza baada ya msimu mzima wa mvua tuliambiwa kwa upole kwamba barabara ile si yao. Hakuna aliyetudanganya, hatukuuliza mapema, basi. Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, nendeni ofisi ya TARURA ya wilaya mkaulize jina rasmi la barabara yenu na kama iko kwenye orodha yao. Jibu hilo liwe sentensi ya kwanza ya hoja.

Msivunjike moyo kwa kuwa baadhi ya wenye mali hawako chini ya Baraza. Kamati inaweza kumwalika meneja wa TARURA wa wilaya au ofisa wa polisi aje kutoa maelezo, na mapendekezo ya halmashauri kuhusu barabara hufikishwa pia kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa. Kinachotakiwa ni azimio kusema waziwazi kwamba linaelekezwa huko.

Kukusanya ushahidi

Kauli kama "mtaa wetu ni mchafu na unafurika kila mwaka" haimsaidii mtu yeyote, hata kama ni kweli tupu. Mtaalamu ataitikia kwa kichwa, atasema changamoto ni bajeti, na ajenda itafungwa.

Kwa upande wa taka, ombeni ratiba ya mkandarasi katika ofisi ya mtendaji wa mtaa, kisha mteue watu wawili waandike kwa wiki nane siku ambazo gari lilipaswa kuja na siku lililokuja kweli. Andikeni pia kaya zinazolipa ada ya taka na zisizolipa, bila kutaja majina hadharani. Takwimu hiyo itaumiza pande zote mbili, na hiyo ndiyo faida yake: mkandarasi asiyekuja hukosa malipo, na asiyelipwa hana mafuta ya kwenda dampo. Kwa Dar es Salaam dampo liko Pugu Kinyamwezi, mwendo mrefu kutoka kata nyingi, na gari linaloharibika njiani huacha viroba vya mitaa kadhaa vikisubiri. Diwani akijua haya, ataacha kuuliza "kwa nini taka hazizolewi" na kuuliza idadi ya magari yanayofanya kazi, safari kwa siku, na adhabu iliyoandikwa ndani ya mkataba.

Kwa mafuriko, ukuta ndio shahidi mzuri kuliko mtu. Maji yakipungua, wekeni alama ya rangi pale yalipofika, mwandike tarehe na saa, kisha mpige picha ikiwa na kitu cha kupimia kando yake. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ulionyesha jinsi wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kawaida wanavyoweza kuchora mitaro, njia na maeneo yanayofurika ya Dar es Salaam kwenye ramani iliyo wazi kwa wote katika OpenStreetMap. Kata yenu inaweza kuwa tayari imo, na kama imo, anzeni nayo badala ya kuchora upya. Onyesheni mtaro unaanzia wapi, unaziba wapi na unamwaga wapi. Swali la mwisho husahaulika sana, ilhali mtaro uliosafishwa juu bila kufunguliwa chini huhamishia maji kwa jirani.

Naomba hapa tuseme pia kuhusu watu wa mabondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na Serikali iliwahamishia waathirika wengi Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Baadhi walirudi bondeni kwa sababu riziki zao zilikuwa mjini, si kwa sababu walipenda maji. Hoja inayowataja kama chanzo cha tatizo, bila kusema watakwenda wapi na watakula nini, si ya haki, na kamati isiipitishe hivyo. Ni kweli ujenzi ndani ya bonde huzidisha hatari, lakini maji yanayofurika Jangwani hukusanywa na Mto Msimbazi kuanzia upande wa Pugu, yakipita kwenye mitaa mingi ambayo taka zake nazo hushuka nayo.

Kwa usalama wa barabara, chagueni sehemu moja au mbili tu, na ikiwezekana mojawapo iwe lango la shule. Hesabuni watoto wanaovuka kati ya saa 12:30 na saa 1:30 asubuhi. Andikeni ajali na kukoswakoswa kulikoshuhudiwa, kwa tarehe. Kuna mfano wa karibu wa kuiga: shirika la Amend, kupitia mpango wake wa SARSAI uliofanyika pia Dar es Salaam, lilikwenda shule kwa shule likatazama watoto wanapita wapi, kisha likaweka matuta, vivuko, njia za miguu na vizuizi vya kutenga waenda kwa miguu na magari, na mahali pengine lilihamisha lango la shule kutoka barabara yenye kasi. Kazi hizo ni ndogo na za bei nafuu ukilinganisha na barabara mpya, na mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI mwaka 2019. Mkiomba tuta, semeni liwe wapi na kwa nini. Tuta linalozuia mfereji wa maji huleta dimbwi, na hapo mtakuwa mmerudi mlikoanzia.

Njia ya hoja na wakati wake

Hoja huanzia kwenye mkutano wa mtaa, ambako muhtasari huandikwa na kusainiwa. Bila muhtasari mna malalamiko tu. Kutoka hapo huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, kisha hufika kwa wataalamu wa halmashauri na kuingizwa kwenye makabrasha ya kamati. Mwananchi hana haja ya kuingia kwenye kikao cha kamati. Mwakilishi wake ni diwani, na ndiyo maana ni vyema akatembezwa kwenye mtaro wenyewe kabla ya kikao, ikiwezekana akiwa amevaa viatu vya kazi. Baraza kamili hukutana hadharani, na mkazi anaweza kuketi akasikiliza kama hoja yake imetajwa.

Baraza hukutana kwa kawaida kila robo mwaka, kwa hiyo ukikosa kikao kimoja umepoteza miezi mitatu. La uzito zaidi ni bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini halmashauri hujadili rasimu zao mwanzoni mwa mwaka, miezi mingi kabla. Hoja ya mtaro inayofikishwa Aprili, katikati ya masika na watu wakiwa wameloa, husikilizwa kwa huruma kubwa na fedha kidogo. Pelekeni Oktoba au Novemba mkiwa na picha za masika yaliyopita. Kusafisha mitaro kusisubiri bajeti kubwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya vuli na masika, na utabiri huo uambatishwe kwenye hoja kama sababu ya kuharakisha.

Azimio linaloweza kufuatiliwa

Diwani akishasimama, kazi yake ni kuhakikisha azimio halitoki na maneno ya jumla. "Kamati imeelekeza wataalamu kuboresha hali ya usafi" haliwezi kukaguliwa na mtu yeyote. Linganisheni na hili: mkuu wa kitengo cha usafi ahakikishe kizimba cha taka kilicho kando ya kalavati kinahamishwa kabla ya Februari 28, meneja wa TARURA aombwe kuzibua kalavati na mfereji hadi linapomwaga, tuta na kivuko mbele ya lango la shule viingizwe kwenye mpango wa mwaka ujao, na taarifa ya utekelezaji iletwe katika kikao kijacho. Kila kipengele kina kitu cha kukagulia: mtu, mahali au muda.

Kamati ina utaratibu wa kutembelea miradi, na diwani aombe eneo lenu liwemo kwenye ratiba. Katika kikao kinachofuata, ajenda ya yatokanayo na kikao kilichopita ndiyo mlango wenu: kama azimio halimo humo, limezikwa, na diwani analazimika kulitaja kwa tarehe na namba ya muhtasari. Mpeni nakala. Kisha, mvua ya kwanza ikinyesha, mtu mmoja aende kalavatini, asimame upande wa chini, apige picha ya maji yakipita au yakikwama, na ampelekee diwani siku hiyo hiyo.