Kantangaze yuko ndani ya jani, sisi tunapulizia juu

Kijana mmoja wa upande wa Ngarenanyuki alinijia na kiroba kimejaa chupa tupu. Akazitoa moja moja na kuzisimamisha mezani kama mtu anayepanga soda.

"Shikamoo, bwana shamba. Hizi zote nimepulizia ndani ya wiki tano. Dawa za siku hizi zimechakachuliwa."

"Marahaba. Nyanya zenyewe zikoje?"

"Nyanya? Twende ukaone. Utasema zimepitiwa na moto."

Tulikwenda jioni. Kweli, kwa mbali shamba lilikuwa limebabuka, la kahawia kuanzia chini hadi kileleni. Nikachuma jani moja lililobaki na ukijani, nikaliinua kuelekea jua. Lilikuwa na baka pana linaloonyesha upande wa pili kama nailoni, na ndani ya baka vimetapakaa vidoa vyeusi vya kinyesi. Pembeni kitu kikajisogeza. Nikaichana ngozi ya juu ya jani kwa ukucha, na hapo akatokea kiwavi wa kijani, mgongoni ana wekundu wa mbali, hajapita urefu wa punje ya mchele. Mzima wa afya. Ukungu mweupe wa dawa ulikuwa umekauka juu ya jani hilo hilo.

Kijana akalitazama kwa muda, akasema, "Kumbe nilikuwa napulizia bati."

Sijaisikia maelezo bora ya tatizo hili kuliko hayo. Sipingi kwamba dawa bandia zipo madukani. Zipo, na nimeshaziona. Ila mara nyingi nikiitwa shambani nakuta dawa ni halali na mdudu yuko chumbani anakula, kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini ya jani, mahali ambapo dawa inayoua kwa kumgusa mdudu haimfikii kabisa.

Mdudu huyu wataalamu wanamwita Tuta absoluta. Sisi tunamwita kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akashuka Afrika Kaskazini, akapita Sudan, Ethiopia na Kenya, na mwaka 2014 akaripotiwa hapa kwetu Arumeru. Kwa hiyo mkulima anayekwambia "baba yangu alilima nyanya bila shida yote hii" anasema kweli. Hata mbegu zetu za Tanya na Tengeru 97, zilizotoka hapo Tengeru kwenye kituo cha utafiti wa mbogamboga, zilikuja kabla yake. Tengeru 97, kama jina linavyosema, ni ya mwaka 1997: miaka 17 kabla mdudu huyu hajafika. Ukiambiwa dukani kuna mbegu ambayo kantangaze haigusi, cheka kidogo halafu uulize bei ya nyingine.

Usimchanganye na wenzake

Kuna mistari myembamba myeupe inayopindapinda juu ya jani kama mtoto aliyechezea kalamu. Hiyo ni kazi ya inzi mdogo mchimba majani, na nyanya yenye nguvu huwa inamvumilia. Kantangaze hachori mstari, anafungua uwanja. Baka lake ni pana, linaanza jeupe kisha linakuwa kahawia na kukauka, na ndio maana wengi wanadhani ni bakajani na kukimbilia dawa ya ukungu. Pesa imeondoka, mdudu yupo.

Kwenye tunda, funza wa matunda hutoboa tundu kubwa unaloliona ukiwa umesimama. Tundu la kantangaze ni dogo kama la sindano, na mara nyingi liko chini ya kile kikonyo cha kijani, kwa hiyo nyanya inapita mkononi mwa mchambuzi ikiwa nzuri kabisa na kuoza ndani ya tenga siku mbili baadaye. Inua kikonyo, tazama. Ni kazi ya sekunde moja.

Nondo mwenyewe hutamwona mchana. Ni wa kijivu, mdogo kama punje ya ngano, anajificha katikati ya majani na kuruka magharibi na alfajiri. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260, mengi upande wa chini wa jani. Yai linaanguliwa baada ya siku nne, tano hivi. Kiwavi anatoboa na kuingia ndani, anakula kwa karibu wiki mbili, kisha wengi wao hushuka kwenye udongo kujigeuza kuwa nondo.

Hapa kuna jambo ambalo ratiba za kubandika ukutani hazilisemi. Kasi ya mdudu huyu inaendeshwa na joto. Kwenye nyuzi 27 anatoka yai hadi nondo kwa siku kama 24. Kwenye nyuzi 20 hivi anahitaji siku 40, na kwenye nyuzi 14 siku 76. Sasa fikiria tambarare za Kahe mwezi wa pili, halafu fikiria miteremko ya Meru mwezi wa saba tunapovaa makoti mawili mawili. Mdudu ni yule yule, lakini wa Kahe anazaa kizazi na kujukuu wakati wa mlimani bado anajikunyata. Ndugu yako wa tambarare akikupa ratiba yake ya kupulizia, ipokee kwa heshima, usiifuate.

Shamba la jana ndilo linalokuua

Nikirudi kwa yule kijana: hatua 30 kutoka kwenye nyanya zake kulikuwa na kipande alichovuna miezi miwili nyuma. Mashina yalikuwa yamesimama na miti yake, matunda madogo madogo yamening'inia, ng'ombe wa jirani anapita. Nikamuuliza kwa nini hajang'oa. "Nilikuwa nasubiri miti ipungue bei nije niihamishe pamoja." Nami sikuwa na uso wa kumsema sana, kwa sababu msimu mmoja nyumbani kwangu nililiacha pori la nyanya nyuma ya banda, eti mama watoto achume za mboga. Kitalu changu kilichokuwa karibu nalo kilikwenda chote.

Mashina yaliyoachwa ni kiwanda. Siku unapomaliza kuvuna, ng'oa, kusanya, na yafukie kwenye shimo refu au yafunike kwa nailoni nzito juani mpaka yaive kabisa. Usiyatupe mferejini, maana maji yatampelekea wa chini. Kisha lima kipande hicho udongo ugeuke, jua na ndege wawapate wale waliojificha chini, na usirudishe nyanya hapo kabla ya wiki sita. Vizuri zaidi weka vitunguu, maharage, kabichi au mahindi. Viazi mviringo, bilinganya na ngogwe havikusaidii kitu. Ni ukoo mmoja na nyanya na kantangaze anavijua. Mnavu pia. Najua hapa ninagusa chakula cha watu, na mimi mwenyewe mnavu siuachi, lakini ule unaojiotea kingoni mwa shamba la nyanya ung'olewe. Wa kula upandwe mbali, upande wa nyumbani.

Halafu kuna matenga. Tenga linatoka shambani kwako, linashuka soko la Tengeru Jumamosi, linakwenda soko la Kilombero mjini Arusha, linarudi na gari la dalali likiwa na nyanya mbili zilizopasuka chini na linatua kwenye shamba la mtu mwingine. Safari nzima limebeba viwavi. Kreti za plastiki unaweza kuziosha kwa sabuni. Za mbao zigonge, zitoe mabaki, ziache juani mbali na shamba. Na zisilale usiku kucha karibu na kitalu cha miche. Kitalu chenyewe kifunike kwa neti ya wadudu yenye matundu madogo tangu siku ya kusia, kwa sababu mche ukienda shambani na mayai umeshapoteza mechi kabla ya filimbi.

Beseni la maji

Mtego wa bei nafuu ni beseni, maji, sabuni kidogo ya unga na kile kidonge cha mpira chenye harufu ya jike. Kining'inize kwa waya vidole viwili, vitatu juu ya maji, beseni likiwa chini usawa wa goti. Madume wanaifuata harufu, wanaangukia majini, sabuni inawazamisha. Kidonge kinachoka baada ya wiki nne hadi sita. Andika tarehe kwenye beseni kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu utasahau.

Mitego miwili kwa eka inatosha kukupa habari. Nasema habari, sisemi tiba. Wauzaji wengine wanaupigia debe mtego huu kana kwamba utasafisha shamba lote. Unakamata madume tu, na dume mmoja aliyenusurika anapanda majike wengi. Tena majike waliokwisha kupandwa wanaruka kutoka kwa jirani na harufu ile haiwahusu. Kazi ya beseni ni kukwambia lini uanze kufungua majani. Ukiona madume wameanza kuingia kwa wingi, pita shambani kwa kukata kona, simama kwenye mimea 20, na kila mmea tazama majani matatu: juu, katikati, chini. Hesabu yenye viwavi hai. Baka tupu la zamani usilihesabu, hilo ni nyumba iliyohamwa.

Rangi mbili za chupa, dawa moja

Turudi kwenye zile chupa mezani. Zilikuwa tisa, za majina sita tofauti. Tulipokaa na kusoma maandishi madogo, sita kati yake zilikuwa na abamektini au emamektini. Hizo mbili ziko kundi moja, namba 6, maana dawa hupangwa makundi kwa namna zinavyoua. Mdudu anazijua kwa njia moja, akiizoea moja ameizoea na nyingine. Kijana alidhani anabadilisha dawa, kumbe anabadilisha lebo.

Kantangaze ni hodari wa kuzoea. Amerika ya Kusini alikwisha kuzishinda dawa za jamii ya pareto za viwandani kabla hata hajapanda meli kuja Ulaya, na Italia na Ugiriki klorantraniliproli, ambayo ilikuwa tegemeo, ilianza kushindwa miaka michache tu baada ya kuingia sokoni. Kwa hiyo kwenye lebo usiishie kwenye jina kubwa la rangi. Tafuta kiambata na namba ya kundi. Spinosadi na spinetoramu ni 5. Klorantraniliproli na flubendiamidi ni 28. Indoksakabu ni 22. Utaratibu ni huu: kizazi kimoja cha mdudu, kundi moja, kizazi kinachofuata, kundi jingine. Kwa huku kwetu hesabu ni kama mwezi mmoja, mrefu kidogo wakati wa baridi. Na nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Wako Ngaramtoni, si mbali. Namba ya usajili iwe kwenye lebo.

Mayai yakiwa mengi na viwavi ndio kwanza wanaanguliwa, anza na dawa ya bakteria, ile tunayoiita Bt, au ya mwarobaini. Hizi zinamkuta kiwavi mchanga kabla hajajichimbia sana, na zinawaachia uhai wadudu wanaotusaidia. Wasaidizi hao wapo. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Nairobi kilimleta kutoka Peru nyigu mdogo anayetaga ndani ya kiwavi wa kantangaze, na ameshaachiwa mashambani nchini Kenya. Anayepulizia kila siku tatu dawa inayoua kila kinachotambaa hawezi kumfuga nyigu yeyote, wa Peru wala wa Meru.

Pulizia jioni. Jua linaiua Bt, na nondo anatoka jioni. Elekeza mdomo wa bomba kutoka chini kwenda juu, jani lilowe upande wa tumbo. Ukiona unatembea haraka, hufanyi kazi hiyo vizuri.

Liko la mwisho linaloniudhi, nalo ni siku za kusubiri. Nyanya zikianza kuiva unachuma mara mbili kwa wiki, lakini chupa uliyoshika inasema siku saba kabla ya kuvuna. Hapo watu hufumba macho. Panga mapema: dawa nzito zimalizike kabla ya matunda kubadilika rangi, na wakati wa mavuno ubaki na zile za siku chache, Bt, na mikono yako ya kuchuma na kufukia matunda yaliyotobolewa.

Msimu uliofuata yule kijana alinipigia simu saa moja asubuhi.

"Bwana shamba, beseni leo limejaa. Nichukue ipi?"

"Umefungua majani mangapi?"

Kimya. "Bado."

"Fungua, halafu unipigie."

Akapiga baada ya saa nzima, anahema. Mimea 20, mayai mengi, mabaka mawili tu, viwavi wenyewe kama uzi. Nikamwambia jioni achanganye Bt, aanzie upande wa mfereji, na kipande cha kabichi akiache.