Kubuni Kihisi cha Umbali kwa Kufuata Mwenendo wa Popo

Anayetaka kubuni kihisi kwa kuiga kiumbe hai aanze na tatizo ambalo kiumbe huyo amelitatua, si na umbo la sikio au jicho lake. Popo walao wadudu hutoa sauti kali tusizozisikia, kisha hutambua umbali kwa muda ambao mwangwi huchukua kurudi. Kazi hiyo inafanywa na kihisi cha bei nafuu cha HC-SR04 kikiunganishwa na bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa vya elektroniki. (Popo wa Pemba si mfano wa kuigwa hapa: yeye hula matunda na hutegemea macho na pua.)

Kipe kihisi umeme wa volti 5, kisha upeleke kwenye pini ya Trig (ya kuamrisha) mpigo wa umeme wa maikrosekunde 10. Kitatoa sauti ya kilohezi 40, na pini ya Echo (ya mwangwi) itabaki na umeme kwa muda uleule ambao sauti ilitumia kwenda na kurudi. Zidisha muda huo kwa kasi ya sauti, ugawe kwa 2. Wengi huandika mita 343 kwa sekunde popote walipo, ilhali hiyo ni kasi ya sauti katika hewa yenye nyuzi 20 za sentigredi. Katika nyuzi 30 kasi hufikia karibu mita 349, na kitu kilicho umbali wa mita 2 kitasomeka pungufu kwa sentimita 3 hadi 4. Kwa hiyo ongeza kipimajoto, ili programu itumie kasi inayolingana na joto.

Kwa maoni yangu, kinachostahili kuigwa zaidi ni jinsi popo anavyopanga sauti zake. Akiwa katika msako hutoa chache kwa sekunde, lakini anapokaribia kumnasa mdudu huzizidisha hata zikapita 150. Programu yako nayo isome mara 5 kwa sekunde njia ikiwa wazi, na mara 15 kitu kikiingia ndani ya mita 1. Usizidishe hapo, kwani mwangwi uliochelewa kutoka mbali unaweza kuhesabiwa kuwa wa mpigo mpya.

Kabla ya kukitumia, kwa mfano kwenye fimbo ya asiyeona, kijaribu kwa waya mwembamba, pazia na ukuta uliokaa mshazari. Urefu wa wimbi la sauti yake ni takriban milimita 8.6, hivyo waya huenda usionekane; pazia hunyonya sauti; ukuta wa mshazari huutupa mwangwi kando, na kihisi kikaarifu kuwa hakuna kitu. Dawa ya ukuta huo ni kihisi cha pili kilichoelekezwa pembe nyingine, viwili hivyo vikipiga kwa zamu.