Kabla ya Kuvaa Mguu wa Bandia: Mambo ya Kuandaa Mapema

Ndugu wa mgonjwa aliyekatwa mguu huuliza mapema: mguu wa bandia utapatikana lini, na ni shilingi ngapi? Wana haki ya kuuliza. Ila yanayofanyika kabla mguu huo haujafika ndiyo mara nyingi huamua kama utavaliwa au utakaa uvunguni.

Tuanze na viungo vilivyobaki. Aliyekatwa chini ya goti hupata nafuu akiwekewa mto chini ya goti, na hapo ndipo madhara huanzia. Goti likizoea kukunjwa hukakamaa, na lililokakamaa ni taabu kulitembelea ndani ya soketi, yaani kikombe cha mguu wa bandia kinachovaliwa. Uondoeni mto huo, hata akilalamika. Aliyekatwa juu ya goti alale kifudifudi mara kadhaa kwa siku, kwani kukaa kitini kutwa hukaza nyonga. Jambo hili halina gharama, na kwangu ndilo la kwanza kabisa.

Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, hufungwa bandeji ya kuvutika, mkazo ukizidi nchani na kulegea kuelekea juu, ili uvimbe ushuke. Mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia awafundishe watu wawili wa nyumbani, mmoja akisafiri mwingine awepo. Na mgonjwa akisema vidole ambavyo havipo vinamuuma usiku, msimwone amechanganyikiwa wala amerogwa. Maumivu hayo ni ya kweli na yana tiba, aelezwe daktari.

Kama chanzo ni kisukari, mguu uliobaki ulindwe kwa wivu: ukaguliwe kila jioni, unyayo na katikati ya vidole, na asitembee pekupeku hata ndani.

Nyumbani, tazameni choo kwanza. Choo cha kuchuchumaa humnyima mtu faragha yake, kwa sababu lazima ashikwe. Seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu, na fundi akachomea bomba la kushikia ukutani. Sakafu isituame maji. Mipira ya magongo ikilika, ibadilishwe mara moja.

Kuhusu fedha, msimalize michango yote kwenye mguu wa kwanza. Kigutu hupungua sana miezi ya mwanzo. Soketi iliyobana vizuri hulegea, huongezwa soksi kwenye kigutu, kisha hutakiwa soketi mpya. Hata baadaye, mguu wa bandia huchakaa baada ya miaka michache, na anayekatwa mguu akiwa kijana atabadilisha mingi maishani.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwulizeni fundi wa miguu ya bandia: unyayo wake ukivunjika, spea iko wapi? Nani ataurekebisha, na nauli ya kumfikia ni kiasi gani? Tanzania ina mafundi waliosomea kazi hii. Chuo cha TATCOT, cha mafundi wa viungo bandia, pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinawafundisha tangu 1981. Mguu wa kawaida ambao fundi wa karibu anaumudu ni bora kuliko wa kifahari ulioagizwa nje, usio na wa kuugusa.