Kabla hujalipa kodi Mtwara, tembea kwanza

Jamani mnaohamia Mtwara mjini, msichague kati ya Shangani na Magomeni kwa kuangalia nyumba tu, vaa ndala utembee. Mji huu ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 wakati wa ule mradi wa karanga wa Waingereza, barabara pana na nafasi kubwa kubwa, ndo maana kuna sehemu unatembea weee genge hulioni.

Fanya hivi. Simama mlangoni kwa hiyo nyumba, angalia saa, tembea dakika 5 mwendo wa kawaida, hapo ni kama mita 400, alafu hesabu: duka, genge, mashine ya kusaga, duka la dawa, wakala wa pesa. Kisha rudi umebeba kilo 5 za unga saa 7 mchana, maana mikono mitupu inadanganya sana. Mi dalali aliniambia "sokoni ni hapo tu", siku ya kwanza nimebeba mkaa na ndoo, ule mchanga wa njiani ukanimaliza kabisa. Angalia na kivuli, mwembe mmoja njiani una thamani kubwa.

Saa 2 usiku rudia, uone kama taa zipo na nani bado anauza. Na mvua za Desemba mpaka Aprili je? Uliza majirani maji yanasimama wapi.

Mikindani ni kama kilomita 10 kutoka mjini, ukiilinganisha jumlisha na nauli kwenye kodi.