Usiliachie jua kazi ya kusafisha maji ya jaruba

Mwulize mkulima wa mpunga aliyepuliza dawa ya wadudu juzi kama maji yake sasa ni salama, mara nyingi atakujibu: "Kwa jua hili? Sumu imeshaungua." Hajakosea sana. Sumu asilia ya pareto, ile inayolimwa Mufindi, huvunjika upesi ikianikwa juani. Ndiyo maana viwanda vikatengeneza ndugu zake wanaolistahimili jua, kama permethrini na sipermethrini. Kwa mwenye nyanya hiyo ni faida. Kwa perege na uduvi ni balaa, maana kiasi kidogo mno huwaua, na dawa yenyewe hunata kwenye tope ambako mwanga haufiki.

Zamisha mkono mferejini hadi kiwiko. Kama kiganja hukioni, basi na jua halikioni. Imidaklopridi, dawa nyingine ya wadudu, ikiwa kwenye maji maangavu yaliyo juani, nusu yake hutoweka ndani ya siku moja. Maji yakiwa ya tope au yamefunikwa na magugu, hukaa muda mrefu zaidi.

Tena kuvunjika si kwisha. Fipronili, nayo dawa ya wadudu, ikipigwa na jua majini hubadilika ndani ya saa chache, lakini kinachozaliwa ni sumu nyingine inayodumu kuliko mama yake, na kwa baadhi ya samaki ni kali zaidi. Hapo jua limekuongezea kazi.

Kwa hiyo ziba mlango wa jaruba kabla hujapuliza, na usiufungue hadi zitimie siku zilizoandikwa kwenye lebo. Wingu la mvua likitanda, ahirisha. Bomba la kupulizia lisuuze mara tatu, na maji ya suuza yapulizie shambani humo humo. Kuoshea mferejini ni kumpelekea jirani sumu. Ukingoni acha ukanda wa nyasi, hata kama wazee watasema shamba lako ni chafu.

Mwenye bwawa chini ya mfereji afunge maji yanayoingia siku ya kupuliza, kisha aangalie wadudu wa majini kwanza, kwani wao hutangulia kufa. Samaki kutweta juu ya maji alfajiri huenda ni upungufu wa hewa tu. Lakini wakiogelea kiubavu mchana, na uduvi wameelea, usiwavue kwa kula wala kuuza. Mwite bwana shamba, na umwonyeshe chupa ya dawa iliyotumika.