Namna ya kupata tambi nzuri za kukaanga Mtwara mjini na Mikindani

Kwanza tuelewane tunatafuta nini. Kwetu ukisema tambi za kukaanga, hakuna anayefikiria zile za hoteli za Kichina zenye sosi ya soya na kabichi. Tunasema zile tambi nyembamba za paketi, zinavunjwavunjwa, zinakaangwa kwenye mafuta mpaka zibadilike rangi, kisha zinaiviswa kwa tui la nazi, sukari na iliki. Ni tamu. Asubuhi zinashushiwa na chai ya rangi, na mwezi wa Ramadhani hazikosekani kwenye futari, kando ya mihogo, magimbi na uji wa pilipili manga.

Mimi naendesha bajaji, mjini kwenda Mikindani na kurudi, kwa hiyo mitaa hii naipita kutwa. Ila kujua tambi sikujulia barabarani. Bibi yangu alikuwa akipika za kuuza barazani kwake Mikindani, na mkunaji wa nazi nilikuwa mimi. Nimekaa juu ya mbuzi toka miguu yangu haijafika chini vizuri. Hivyo nikikwambia sahani hii ya jana, nina sababu.

Watu wengi wanakosea mwanzo kabisa, kwenye pa kutafuta. Wanazunguka stendi na kwenye vibanda vya chipsi usiku, halafu wanasema Mtwara hakuna tambi. Chipsi ni biashara ya vijana na vibanda vyao, usiku. Tambi ni biashara ya kina mama, barazani, mchana unapoelekea jioni. Nenda Magomeni, nenda Majengo, nenda Chikongola, ingia vichochoro vya Mikindani nyuma ya barabara ya Lindi. Shangani usijisumbue, nyumba za kule zina kuta na mageti, na baraza ya kuuzia huioni.

Na ukifika mtaani, usianze kuuliza wapita njia. Nenda duka la rejareja, nunua hata kiberiti, muulize mwenye duka: "Nani hapa mtaani anachukua tambi paketi nyingi?" Yeye ndiye anayejua. Mama anayechukua paketi moja anapikia wanawe, anayechukua sita kila siku anauza. Kisha mtafute muuza nazi wa mtaa huohuo, muulize kama mama yule anachukua nazi kwake. Majibu yakikubaliana, umepata nyumba. Yasipokubaliana, yaani paketi anachukua lakini nazi hachukui, huenda anapikia maji matupu na mafuta mengi. Tambi za hivyo zinajaza tumbo, ila mimi sizifuati kwa nauli.

Saa nayo ina maana kubwa. Ramadhani wengi wanaanza kukaanga baada ya adhuhuri, na kuanzia saa tisa alasiri sufuria zinaanza kutoka nje. Fika kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na nusu. Ikigonga saa kumi na mbili unagombea mabaki na watu waliochelewa kazini, na mwenye kuuza naye ana haraka ya kufuturisha watoto wake. Miezi mingine wauzaji wanapungua, na wanaobaki wanauza asubuhi mapema pamoja na vitumbua na maandazi. Ukiona meza mlangoni ina kawa tatu nne, simama uulize. Mara nyingi kawa moja imefunika tambi hata kama hazitangazwi.

Ukibahatika, ingia kichochoroni wakati anakaanga, kwa sababu hapo pua inakupa jibu kabla ya jicho. Mafuta yanapashwa kwanza, kidogo tu, vijiko vichache. Tambi zikiingia zinapiga kelele ndogo kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Mpishi hauachi mwiko hata dakika moja, anageuza kutoka chini kuja juu, maana zilizo chini zinaungua wakati za juu bado nyeupe. Kwanza unasikia harufu ya unga, baadaye inageuka ikawa kama ya korosho zinazokaangwa. Hapo ndipo bibi alikuwa ananiita kwa sauti, "Lete tui!", nami nakimbia na bakuli, maana ukichelewa kidogo tu zinapita kwenye uchungu. Tui likimwagwa, mvuke unapanda mpaka kwenye makuti.

Kule kukaanga si kwa ajili ya rangi peke yake. Tambi ni unga wa ngano, na zikikutana na tui bila kupita kwenye mafuta zinashikana zikawa bonge. Mafuta yanazivika kila moja peke yake, ndiyo maana zilizopikwa vizuri zinaachana kama mchele wa pilau. Baada ya tui jepesi kukauka, tui zito linaingia mwisho, moto unapunguzwa, sufuria inafunikwa na makaa machache yanapaliwa juu ya mfuniko. Ukikuta makaa juu ya mfuniko, subiri. Kaa kwenye benchi, umefika kwenye nyumba ya kweli.

Sasa kukagua. Mwombe afunue, hakuna muuzaji mzuri anayekataa. Tazama rangi: iwe ya ganda la karanga mpaka kahawia ya wastani, na isiwe sawasawa kabisa, maana jiko la mkaa haliwezi kutoa rangi moja. Zikiwa za njano zote, mpishi aliogopa moto. Ukiona nyeusi nyingi, alikuwa anaongea na simu. Kisha tazama kijiko anapochota: tambi ziteremke zenyewe, zisikatike kama keki. Pembeni ya sufuria pawe na mng'ao wa mafuta ya nazi, lakini yasikusanyike chini. Iliki uisikie bila kuitafuta.

Jambo la kuogopa ni tui lililochacha. Nazi ikishakamuliwa haivumilii joto letu, hasa miezi ya kaskazi na siku zile za mvua kati ya Desemba na Aprili ambapo hewa yenyewe ni nzito. Mwaka juzi nilinunua mahali fulani mjini, sitapataja, tambi nzuri za macho, rangi safi, zabibu juu. Nilipotia mdomoni nikasikia ukali kwa mbali nyuma ya ulimi. Nikajiambia labda ni iliki, nikala mpaka mwisho kwa sababu nilikuwa nimefunga kutwa. Usiku mzima sikulala, na kesho yake bajaji haikutoka. Toka siku hiyo ukali wowote, hata mdogo, naacha sahani. Usione haya. Na uliza kabla hujalipa: "Tui la leo, mama? Umeipua saa ngapi?" Anayejua kazi yake anakujibu palepale, tena kwa fahari. Anayesema "za sasa hivi" huku sufuria ni baridi, mshukuru uende.

Namna ya kuongea nayo ina uzito. Mama hawa wamekaa na moto toka adhuhuri, wengine na saumu. Anza na shikamoo, uliza hali, halafu ndiyo uulize tambi. Usivutane bei. Mimi mara ya mwisho nililipa shilingi mia tano kwa upawa mmoja uliojaa, na ukihesabu nazi, sukari na mkaa, utaona faida yake ni ndogo kuliko unavyodhani. Anayepunguza bei anapunguza nazi, na wewe ndiye utakayekula hasara hiyo.

Nenda na chombo chako, bakuli au hotpoti. Ukifungiwa kwenye karatasi mafuta yanaloa na harufu ya wino inaingia. Na ukitia kwenye hotpoti usiibane mfuniko palepale, acha upenyo mpaka mvuke upungue, la sivyo maji yanarudi chini na tambi zako zinalegea kabla hujafika nyumbani. Kutoka Mikindani mpaka mjini ni kama kilomita kumi, zinatosha kabisa kuharibu kazi ya mtu.

Wako wanaonitafuta wakitaka za chumvi, zile za kitunguu, karoti, hoho na nyama au kamba. Hizo barazani ni nadra, lakini zinapatikana kwa kuagiza. Ukishampata mama wa tambi na mkazoeana, asubuhi nunua kamba wabichi kwa wavuvi, wapelekee pamoja na paketi mbili za tambi, mwambie umekuja na vitu vyako, umlipe kazi yake na mkaa wake. Mimi nafanya hivyo msimu wa korosho, siku ambazo abiria ni wengi na pesa ipo. Kamba wanakaangwa kando, wanaingia mwisho, wasikae motoni wakawa mpira.

Lakini kama ni mara yako ya kwanza, anza na za nazi, tena uombe kitu ambacho wageni hawakijui. Chini ya sufuria iliyopaliwa makaa sukari na tui vinashika vikawa ukoko, mwekundu, unaokatika kwa kelele. Mwenye sufuria huwa anawawekea wanawe, na huwezi kumlaumu. Ukifika mapema, ukamwamkia vizuri, sema tu, "Mama, na ukoko kidogo naomba." Atakutazama, atacheka, kisha atachukua mwiko wa chuma akwangue.